Mbio Tulizotaka Kushindwa

Jumatano, 4 Septemba

Na jambo jingine ambalo mama hakulielewa ni hili: mtu anayenuka farasi hanuki vibaya. Ananuka majani makavu, ngozi ya tandiko na jasho la kazi, na akikukumbatia kabla hajanawa, unabaki na harufu ile begani hadi adhuhuri. Ninakanda mkate huku nikinusa bega langu kama mwehu, nikicheka peke yangu. Mama alisema nitaichoka kabla ya Krismasi. Leo ni siku ya kumi na nane tangu tufunge ndoa, na sijachoka chochote. Hata kikohozi chake cha alfajiri sijakichoka.

Tunaishi vyumba viwili juu ya stoo ya matandiko, kwenye mazizi ya Mjomba Malachy, kaka wa marehemu mama yake Colman. Mjomba ndiye mkufunzi, Colman wangu ndiye mpanda farasi wake. Chini yetu wamelala farasi kumi na wanne, na wakipumua wote pamoja sakafu inakuwa na joto. Nani mwingine ana nyumba kama hii?

Ijumaa, 6 Septemba

Ukungu mchana kutwa. Farasi walirudi uwanjani bila miguu, migongo tu ikielea, na juu ya mgongo mmojawapo alikuwa mume wangu. Nilisahau sufuria jikoni ikaungua.

Jumatano, 11 Septemba

Nimeolewa na mwanamume ambaye siruhusiwi kumlisha. Siku ya mashindano anatakiwa asizidi ratili mia moja na kumi na sita, pamoja na tandiko lake. Nikipika viazi, anakula nusu kiazi. Nikioka keki ya zabibu, ananusa, anafumba macho, anasema, "Nimeshiba, mke wangu," nami naila yote mimi. Sketi ya harusi hainifungi tena. Bibi wa posta ameshaniuliza mara mbili kama nina habari za kumwambia.

Mjomba Malachy alipanda juu leo asubuhi na gazeti lake la mbio.

"Bibi harusi, unamlisha nini mpanda farasi wangu? Jana kapanda mizani, sindano ikanicheka."

"Yai moja tu, Mjomba."

"Yai la nini, la mbuni?"

Nilimmiminia chai. Nampenda sana Mjomba, ana mashavu mekundu kama tufaha na hajawahi kunena neno zito bila kulitilia mzaha. Akatandaza ratiba mezani na kuweka kidole juu ya Jumamosi, tarehe tano Oktoba, uwanja wa Ardnamoyle: mbio za majike wa miaka miwili ambao hawajawahi kushinda hata mara moja. Kawaida mbio za wasiowahi kushinda huwa na zawadi ya kununulia viatu vya farasi tu. Lakini mwaka huu kiwanda kimoja cha biskuti kimeingiza mkono mfukoni. Mshindi anapewa pauni elfu mbili na mia tano.

"Tunaye Umande," Mjomba akasema. "Zile tukizipata, nusu ni yangu, na nusu hiyo inawalisha hawa wote mpaka Machi. Tusipozipata, Novemba nafunga. Farasi watarudi kwa wenyewe, na mumeo atavuka maji kwenda Uingereza akatafute tandiko la watu mpaka majira ya baridi yaishe."

Aliyasema hayo huku akipaka siagi mkate wangu. Nami niliendelea kutabasamu, kwa sababu uso ulikuwa umeshatabasamu na sikujua kuuzuia.

Colman alinishika mkono chini ya meza. "Ni miezi minne tu," akasema Mjomba alipoondoka.

"Miezi minne ya baridi, Colman! Ndiyo miezi ya watu kulala wawili!"

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa sitanii.

Jumapili, 15 Septemba

Nimwandike Umande, maana tangu juzi namtazama kwa jicho jingine. Kwenye karatasi anaitwa Drúcht Maidine, yaani umande wa asubuhi kwa Kiayalandi, sisi tunamwita Umande tu. Ana rangi ya chai isiyo na maziwa na alama nyeupe puani kama aliyechungulia debe la unga. Akisikia hatua za Colman hutoa kichwa nje na kunguruma taratibu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuimba. Nilidhani nitamwonea wivu. Wapi! Tunangurumiana wote wawili.

Yeye ni mali ya watu wawili. Miguu ya mbele ni ya Mjomba, ya nyuma ni ya Mwalimu Philomena Garvey, ndivyo wanavyosema. Mwalimu alinifundisha hesabu sekondari, akastaafu mwaka jana, na kiinua mgongo chake chote akakiweka kwenye nusu ya farasi. Leo baada ya misa alikuja kumkagua, kimya, kama anayesahihisha daftari. Nikatoa chai. Hakuniuliza habari za ndoa hata neno moja.

"Dympna, simama wima," ndilo aliloniambia.

Mwanamke baridi yule. Sijui farasi anamwonaje.

Jumatatu, 16 Septemba

Colman kaniletea ua la porini akalichomeka kwenye tundu la funguo ili nisiweze kufungua mlango bila kuliona.

Jumapili, 22 Septemba

Mvua.

Jumatano, 25 Septemba

Mvua. Nguo haziwi kavu. Nimening'iniza fulana za Colman juu ya jiko, na chumba kizima kinaonekana kama kimejaa waume.

Jumamosi, 28 Septemba

Mvua siku ya saba. Umande amefunzwa mpaka amekaa sawasawa. Mjomba anasema anahitaji siku saba tu na ardhi isiyo bwawa. Amemwandikisha pia kwenye mbio ndogo, wiki moja baadaye, tarehe kumi na mbili, huko Kilbrack, ili asipofua dafu Ardnamoyle tusikose hata kidogo. Zawadi ya Kilbrack ni pauni mia tatu na arobaini. Hizo hazifungui zizi, hizo zinafungua pakiti ya misumari, anasema Mjomba.

Jumatano, 2 Oktoba

Ratiba imebadilika! Mjomba amepanda ngazi mbili mbili na gazeti limelowa mkononi. Ardnamoyle ni ziwa, mabata yanaogelea pale farasi wanapomalizia. Kamati imezisogeza mbio mpaka tarehe kumi na tisa, na wenye biskuti, ili wakufunzi wasiwakimbie, wamepandisha zawadi. Pauni elfu nne!

Mjomba alinibeba akanizungusha jikoni, keki na mimi. Colman akambeba Mjomba. Elfu nne kwa farasi ambaye hajashinda kitu! Nimekaa dirishani mchana kutwa nikiitazama mvua ikinyesha, nami nimeisamehe yote. Nimeona majira ya baridi yote mbele yangu: moto, theluji kwenye paa la zizi, Colman akisoma gazeti kwa sauti akiruka habari za siasa. Sikuwa nimelala usingizi, lakini sikuwa macho pia.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua imekata. Upepo mkavu kutoka mashariki.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kumwondoa Umande Kilbrack bila maswali. Nilimuuliza Mjomba kama amemwondoa, maana kwenye mbio zile za elfu nne haingii aliyewahi kushinda.

"Nimemwacha," akasema.

"Na akishinda Kilbrack?"

"Nani? Umande?" Alicheka. "Bibi harusi, Kilbrack ni mita elfu moja na mia sita. Huyu hajawahi kwenda hata elfu moja na mia mbili. Tena yumo yule wa kijivu, Abigail, wa lile zizi la farasi themanini, ana miguu kama ngazi. Umande amenolewa kwa ajili ya tarehe tano. Nikimweka ndani mpaka tarehe kumi na tisa atalala. Namtembeza tu, anyooshe miguu, amalize wa nne, turudi nyumbani."

Wakufunzi wote hufanya hivyo, Colman anasema. Lakini hakucheka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Upepo umekausha ardhi mpaka kwato zinalia kama milango ikibishwa hodi. Asubuhi Colman alimkimbiza Umande mteremko mzima, nami nilisimama uani nikamwona akitokea kwenye ukungu. Sijui niseme nini. Hakuwa anakimbia, alikuwa anamwagika. Mjomba alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni.

Kumbe farasi huyu siku zote alikuwa anangoja ardhi ngumu.

Saa nne daktari wa mifugo akaitwa. Ukimtoa farasi sasa ni lazima uwe na barua yake.

"Anakohoa," Mjomba akasema.

Daktari alimsikiliza kifua, kushoto, kulia, akamfungua mdomo. "Malachy, huyu ni mzima kuliko mimi, wewe na padri tukijumlishwa."

"Alikohoa jana."

"Basi ungeniita jana." Akafunga begi lake, akaondoka. Hata chai hakunywa.

Mchana nilikuwa naning'iniza nguo nikawasikia Mjomba na Colman nyuma ya ukuta.

"Kesho ni matembezi, Colman. Usimchoshe."

"Nimpande vipi, Mjomba?"

"Mpande unavyojua."

"Najua namna moja."

"Ndiyo, ndiyo. Namna moja." Nilichungulia. Mjomba alikuwa anayasema hayo kwa viatu vyake. Nimeishi na mzaha wake wiki nane, na leo nimeuona unavyoonekana ukikosa pa kusimama.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nataka kuandika yote kama yalivyokuwa, hata sehemu yangu.

Asubuhi nilimfunga Colman skafu shingoni. Alikuwa hajala kitu isipokuwa chai, na mifupa ya mashavu yake ilikuwa imechomoza, mzuri mpaka nikaogopa. Nikasema, "Colman, leo mshike kidogo."

Alinitazama kama niliyesema kwa lugha asiyoijua. "Umesema nini?"

"Mshike. Kidogo tu, asiwe wa kwanza. Ili ubaki."

Neno ambalo Mjomba hakuthubutu kulitamka, nimelitamka mimi, kwa sauti laini, huku nikirekebisha skafu. Mpanda farasi akimzuia farasi asishinde ni wizi. Anaweza kunyang'anywa leseni, nami nilijua. Colman alifunga vifungo vya koti mpaka cha mwisho, akachukua begi, akanibusu kwenye paji la uso. Si mdomoni. Akashuka.

Kilbrack nilikwenda na Mwalimu Garvey kwenye gari lake. Alivaa kofia yenye unyoya na viatu vipya, na njia nzima hakusema kitu ila, "Dympna, unatafuna kucha." Uwanja uko kwenye kilima kinachoangalia mashamba, anga lilikuwa jeupe, watu mia mbili hivi, wachukua dau watano, na harufu ya viazi vya kukaanga iliyonifanya nimhurumie mume wangu. Farasi tisa. Tuliposimama kwenye ua wa kuzungushia farasi, Colman alipita juu ya Umande karibu kabisa, na hakunitazama.

Wakaondoka. Abigail wa kijivu akashika mbele papo hapo, kama ilivyotabiriwa. Umande wa sita. Nikashusha pumzi. Kisha wa nne. Mjomba karibu yangu akasema polepole, "Hapo. Hapohapo. Pazuri." Kwenye kona ya mwisho Abigail alikuwa mbele kwa urefu wa farasi watatu, na wa pili alikuwa Umande.

Wa pili ni salama, nikajisemea. Wa pili anaingia Ardnamoyle. Bwana, na abaki wa pili.

Mwalimu alinipa darubini yake bila kuombwa. Nikamtafuta Colman. Nilitafuta mikono yake. Nilijua kwamba mikono ikirudi nyuma kifuani, hatamu zikikazwa, basi amenisikiliza, na atakuwa wangu majira yote ya baridi. Niliiona. Ilikuwa inakwenda mbele. Inakwenda mbele na kurudi na kwenda mbele, pamoja na shingo ya Umande, taratibu, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea. Hakumpiga hata mara moja. Alimwachia tu. Na farasi yule, ambaye hajawahi kwenda mbali hivyo, akaanza kumwagika kama jana, akaufikia mkia wa kijivu, akaufikia ubavu wa kijivu, na mimi, mimi niliyemwomba amzuie, nikajikuta nimepanda juu ya benchi nikipiga kelele, "Njoo! Njoo, Umande! Njoo!"

Kichwa kimoja. Alishinda kwa kichwa.

Mjomba alivua kofia, akaivaa, akaivua. Watu walikuja kumpa mkono wakamkuta ana uso wa mazishini.

"Mna nini?" Mwalimu akauliza. "Nani kafa?"

"Pauni elfu nne zimekufa, Philomena. Ameshinda. Hawezi kuingia tena."

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne, Malachy, usinifundishe kutoa." Sauti ilikuwa ileile ya darasani, lakini kidevu kilikuwa kinatetemeka. "Nilinunua farasi ili nimwone akishinda. Ameshinda. Sasa nipishe nikamwongoze mwenyewe, na wewe vaa sura ya binadamu."

Akaenda. Alipita kwenye tope kwa viatu vipya, akashika kamba ya Umande, akamwingiza mahali pa mshindi huku machozi yakimtiririka bila kuyafuta, unyoya wa kofia ukiwa umekatika. Miaka mitano nimekaa mbele ya mwanamke yule nikidhani hana moyo.

Colman alinikuta kwenye gari. Alikuwa mweupe kama chaki.

"Nilikusikia asubuhi," akasema.

"Najua."

"Nilifikiria njia nzima. Kwenye kona ya mwisho nikafikiria tena. Kisha akatega masikio mbele, Dympna. Alikuwa ananiomba. Sikuweza kumwambia hapana." Akaweka begi chini. "Umenikasirikia?"

"Ndiyo," nikasema. Kisha nikasema, "Hapana."

"Ipi sasa?"

"Zote mbili. Lete begi."

Jumapili, 13 Oktoba

Sikwenda misa. Nilikaa kitandani nikiwaza kama angefanya nilivyotaka. Angebaki hapa, ndiyo. Na kila ambapo angenyoosha mkono kuchukua kikombe, ningekumbuka mikono ile ikirudi nyuma, na yeye angejua ninakumbuka nini, na ni mimi niliyemwomba. Aliporudi kutoka kanisani nilimwambia hivyo, vibaya, kwa kulia na kupenga kamasi. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kofia yake ya Jumapili.

"Mimi nilidhani utarudi kwa mama yako," akasema.

"Na kumpa raha ile? Thubutu!"

Alicheka. Nikacheka. Akanibusu, na safari hii hakukosea mahali.

Jumanne, 15 Oktoba

Mjomba hatuzungumzishi. Anawaambia farasi mambo anayotaka tuyasikie. "Mwambie yule bwana alete ndoo," anamwambia mbuzi wa zizini.

Jumamosi, 19 Oktoba

Siku ya Ardnamoyle. Hakuna aliyesema tusikilize, lakini ilipofika saa tisa tulikuwa jikoni kwangu wote: Mjomba kaketi juu ya ndoo ya makaa, Mwalimu kaja na biskuti (si za kiwanda kile, alihakikisha), Colman kasimama mlangoni. Redio ilikoroma kisha ikasafishika. Mtangazaji akataja majike kumi na mmoja, na jina la tatu likawa Abigail.

Abigail wa kijivu! Kumbe naye hajawahi kushinda hata mara moja. Angeshinda Kilbrack, naye angekuwa amefungiwa nje. Colman ndiye aliyemfungulia mlango, kwa kichwa kimoja.

Alishinda kwa urefu wa farasi watano.

Nilizima redio. Nikaona mabega ya Mjomba yanatikisika, nikadhani analia, nikamwendea. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka ndoo ikalia chini yake.

"Amepata elfu nne," akasema akifuta macho, "elfu nne, kwa sababu tulimshinda! Nimemfunza farasi mzuri kuliko yule, nikampeleka siku isiyofaa, kwa akili zangu mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha!" Akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akasimama mbele ya Colman kama mtu aliyeitwa ofisini. "Mwanangu, nilichokuambia nyuma ya ukuta..."

"Hukuniambia kitu, Mjomba."

"Ndicho ninachotubu. Sikuwa hata na uso wa kukisema." Akanigeukia mimi. "Bibi harusi, mpe mumeo yai. Mpe mawili."

Mwalimu alifungua biskuti zake. "Hatimaye," akasema.

Jumamosi, 26 Oktoba

Barua imefika kutoka Uingereza, kaskazini huko, kwenye zizi la farasi arobaini wanaoruka viunzi majira ya baridi. Mkufunzi anamtaka Colman kuanzia tarehe nne Novemba mpaka Machi. Amesoma gazetini habari za Kilbrack, mistari miwili tu: mpanda farasi hakutumia fimbo. Nimeisoma mistari ile mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo.

Jumapili, 27 Oktoba

Mwalimu kanishika mlangoni mwa kanisa. Umande atakaa majira ya baridi kwenye malisho nyuma ya nyumba yake, naye anataka mtu wa kumhudumia asubuhi na jioni, kwa mshahara.

"Asante kwa huruma yako, Mwalimu," nikasema.

"Huruma gani? Wewe ulikuwa unakosea kila hesabu, lakini ulikuwa unaimaliza. Saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe." Alikwenda hatua tatu, akarudi. "Na wewe ni mke wa mtu. Ukihitaji siku chache za kwenda ng'ambo, unaniambia. Sitauliza."

Halafu akanishika shavu, haraka, kama anayefuta chaki.

Ijumaa, 1 Novemba

Farasi sita wameondoka. Sakafu imepoa upande wa kitanda.

Jumapili, 3 Novemba

Amekwenda. Gati lilijaa ukungu, meli ikayeyuka kabla haijawa ndogo. Nimempa keki nzima, na aliikata kipande, akakila mbele yangu, mpaka punje ya mwisho. Siwezi kuandika zaidi.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Umande alinguruma aliponisikia. Tulingoja pamoja kidogo.

Jumapili, 10 Novemba

Colman wangu, leo nakuandikia wewe humu, kwa sababu nimechoka kukuita "yeye". Barua yako ya kwanza nimeipata jana. Nimefurahi kwamba chumba chako kina dirisha, na kwamba yule mpishi wa Kiskoti anakulazimisha kula uji. Wanaoruka viunzi wanaruhusiwa kuwa wazito kidogo, unasema. Ungeniambia mapema, ningeolewa na mtu wa viunzi! Mjomba anakusalimu. Anapita kila jioni "kuangalia mbuzi", anakunywa vikombe vitatu vya chai, na jana alikubali mbele ya Mwalimu kwamba miguu ya nyuma ndiyo iliyoshinda Kilbrack.

Ile bahasha uliyoniachia nyuma ya saa nimeifungua. Pauni thelathini na nne, fungu lako la mpanda farasi kwa siku ile. Umeandika juu yake, "Koti la Dympna." Nililitazama koti dukani, la bluu, zuri, na muuza duka akanivalisha. Nikasimama mbele ya kioo nikiwaza: hizi ni fedha ambazo nilikuomba usizipate. Nikilivaa nitapata joto, lakini nitakuwa nimesimama hapahapa. Nikalivua nikaenda moja kwa moja kwa wakala wa meli.

Nimekata tiketi ya kwenda na kurudi, na ya treni pia, na fedha zimebaki za soksi zako nene. Mwalimu ameshaambiwa, na hakuuliza, ila amenipa ratiba ya treni aliyoinakili kwa mkono, na vituo vyote amevipigia mstari. Meli inaondoka Alhamisi, tarehe ishirini na nane. Ijumaa mchana nitakuwa kwenu nimevaa koti langu kuukuu, kwa hiyo utanitambua. Mwambie mpishi atenge sahani mbili. Kabla mwezi huu haujaisha, mume wangu, nakuja kukuona ukila.